Mzigo na Furushi

Njia itokayo Goma kwenda Rutshuru hupita Kibati, chini ya mlima Nyiragongo. Humo wanawake huchukua kuni mgongoni, kamba ikipita penye paji la uso. Na vijana hushuka mjini na chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili, limejaa viazi au makaa. Neno mzigo halihitaji mwalimu Kibati: shingo za watu zinalijua.

Lakini katika Barua kwa Wagalatia, sura ya 6, Paulo Mtakatifu anena mambo mawili yaonekanayo kupingana. Katika mstari wa 2 awaagiza Wakristu kusaidiana mizigo; katika mstari wa 5 asema kwamba kila mtu atachukua wake. Basi mkatekumeni ashike lipi? Paulo aliandika Kigiriki, na humo maneno ni mawili. La kwanza, baros, ni uzito ulemeao. La pili, fortion, ni kile apasacho mtu kuchukua mwenyewe. Katika Biblia moja ya Kiswahili wafasiri waliandika mzigo pale juu, na furushi hapa chini. Walifanya vema.

Mwanamke aliyefunga kuni nyingi huketi chini, huiweka kamba penye paji, lakini kuinuka peke yake hawezi. Humwomba mpita njia amtwishe. Huyu humtwisha, kisha huenda zake. Kuni ni za yule yule, na safari ni yake. Lakini bila mkono ule angalikaa njiani hata jua kuchwa. Chukudu nayo, ikifika penye mwinuko, hutaka mtu wa kusukuma nyuma.

Mwishoni mwa Oktoba 2008 vita viliwafukuza watu wa Kibumba na vijiji vingine, na makumi ya maelfu wakakaa Kibati katika vibanda. Tarehe 22 Mei 2021 moto wa Nyiragongo ukaikata njia ile ile. Huo ndio baros. Hakuna bega moja liuwezalo. Naye amwitaye mkimbizi au mjane mzigo amekosea lugha, tena amekosea Injili: mtu si mzigo, mtu amelemewa na mzigo.

Furushi ni jambo lingine. Deni lililokanwa, jirani asiyesalimiwa tangu ugomvi wa shamba, mke wa pili aliyefichwa katekista asimjue: haya hayatwikwi mwingine, hata ndugu wa tumbo moja. Simoni wa Kirene aliuchukua msalaba nyuma ya Yezu, na ulikuwa msaada wa kweli. Lakini aliyetundikwa juu yake hakuwa Simoni.

Siku ya ubatizo msimamizi husimama karibu na mkatekumeni. Padri humwuliza mtu huyo mzima kama anamkataa Shetani, na msimamizi hunyamaza.