Chuo Kikuu kiwafuate wenye haja

Ndugu Waislamu, amri ya kwanza kumshukia Mtume (s.a.w.) ilikuwa kusoma, wala haikuwekewa umri. Mwaka 1971 Masasi ilikuwa miongoni mwa wilaya sita zilizotakiwa kufuta ujinga kabla mwaka haujaisha. Leo, Masasi na Newala, wapo wakulima wa korosho wanaotia dole gumba kwenye stakabadhi ya ghala wasiyoweza kuisoma. Nani atawalinda na dhulma?

Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kisiwangoje, kiwafuate. Kwanza kiwaulize wanahitaji kujua nini. Madarasa yawe misikitini, baada ya Alasiri, mavuno yakishapita, na akina mama wasisahauliwe. Elimu ni amana. Tuliosoma tutaulizwa tulimfikishia nani.

Wabillahi Tawfiq.