Shahidi wa Alumini

Basi la shule likishaegeshwa, wanafunzi huhesabiwa, hugawiwa karatasi za maswali, kisha huongozwa mlangoni. Ndani, kelele hukatika. Kituo cha Steven F. Udvar-Hazy, tawi la makumbusho ya anga ya Smithsonian lililoko Chantilly, Virginia, jirani na uwanja wa ndege wa Dulles, ni hangari kubwa hata mtoto hajui aanze kutazama wapi. Mna Concorde iliyowahi kubeba abiria wa Air France, mna SR-71, ndege ya upelelezi, nyeusi tititi, na katika ukumbi wa nyuma mna Discovery, chombo kilichokwenda anga za juu mara 39. Kiingilio ni bure. Mwalimu wa fizikia anayetaka kueleza namna hewa inavyobeba bawa hatapata darasa bora kuliko hili.

Kati ya vyombo hivyo ipo ndege moja iliyoinuliwa juu ya nguzo, hata ndege ndogo zikapata nafasi chini ya mabawa yake. Ni B-29, ndege ya kudondosha mabomu, inang'aa kama sufuria mpya, na mabawa yake yana upana wa mita 43. Wanafunzi wakipanda njia ya juu huikaribia pua yake ya vioo, wakaona kiti cha rubani na usukani wake. Chini ya dirisha lake pameandikwa kwa herufi nyeusi: Enola Gay. Ni jina la mama. Kanali Paul Tibbets aliipa ndege hiyo jina la mama yake mzazi, na usiku wa kuamkia asubuhi ya Agosti 6, 1945, akiwa na wenzake 11, aliirusha kutoka kisiwa cha Tinian kwenda Hiroshima.

Jengo hilo lilipofunguliwa Desemba 2003, kibao cha maelezo kilitaja aina ya ndege, vipimo vyake, na kwamba ndiyo iliyodondosha bomu la kwanza la atomu kutumika vitani. Idadi ya waliokufa hakikuitaja. Wanazuoni waliandika kulalamika, na manusura wazee wa Hiroshima walisafiri kutoka Japani kuja kusema wenyewe. Mkurugenzi wa makumbusho wa wakati huo, jenerali mstaafu John Dailey, alishikilia kwamba ndege hii inaelezwa kama zinavyoelezwa nyingine zote humo: kwa ufundi wake.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa, maana nyuma yake limekaa swali la zamani. Je, chombo kina dhambi? Aliyekaa chuoni akasoma Kurani anajua kwamba amali hufuata nia, na alumini haina nia. Panga lililofyeka shamba asubuhi ni lile lile lililomjeruhi mtu jioni, na hakuna hakimu aliyewahi kulifunga jela panga. Ndani ya Surat al-Hadid chuma kimetajwa kwa ukali wake na kwa manufaa yake pamoja. Nabii Isaya naye aliona panga likifuliwa kuwa jembe, kana kwamba kosa halikuwamo ndani ya chuma tangu mwanzo. Kwa kipimo hiki Enola Gay haina hatia, na mtoto anayeshangaa ukubwa wa injini zake nne hajakosa lolote.

Lakini mahakamani hakai mshtakiwa peke yake. Yuko na shahidi. Panga lisilofungwa jela huwekwa mezani mbele ya hakimu, na damu iliyoganda kwenye makali yake haioshwi kabla ya kesi. Dini zinalijua jambo hili vizuri. Surat Yasin, inayosomwa majumbani penye ugonjwa na msiba, inaeleza siku ambayo vinywa vitafungwa, mikono na miguu itoe ushahidi. Katika kitabu cha Mwanzo, damu ya Habili inamlilia Mungu kutoka ardhini. Kitu kisicho na nia kinaweza kubeba habari, na anayekihifadhi amekabidhiwa amana. Basi la kuuliza kuhusu Enola Gay ni kama imeachwa iseme.

Kuna wakati ilikaribia kusema. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mkurugenzi Martin Harwit na wasaidizi wake walipanga maonyesho ya kutimiza miaka 50 tangu vita viishe. Walitaka kuweka ndege pamoja na vitu vya kuazima kutoka Hiroshima na Nagasaki. Kimoja kilikuwa kibweta cha chakula cha mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza katika shule ya wasichana ya Hiroshima. Asubuhi ile alikuwa miongoni mwa maelfu ya watoto wa shule waliotolewa madarasani kwenda kusafisha viwanja vya kuzuia moto usisambae mjini. Bomu lililipuka saa 2:15 asubuhi, karibu mita 600 juu ya ardhi. Kibweta kilipatikana. Ndani yake wali na njegere vilikuwa vimegeuka makaa, bado vimejaa, maana saa ya kula ilikuwa haijafika. Mwili wa binti haukuonekana kamwe.

Kibweta hicho kiliwatia watu hasira kuliko maandishi yote ya wataalamu. Vyama vya maveterani vilisema kitamfanya mtazamaji amlilie adui na asahau nani alianzisha vita. Septemba 1994 Baraza la Seneti lilipitisha azimio la kuyalaani maonyesho, Januari 1995 yakafutwa, na Mei Harwit akajiuzulu. Zilionyeshwa sehemu tu za ndege, hasa ile ya mbele, na maelezo machache.

Maveterani hao wanastahili kusikilizwa. Wengi wao mwaka 1945 walikuwa vijana wanaongoja amri ya kuvamia Kyushu mwezi Novemba, wakiwa wameshawazika wenzao Iwo Jima na Okinawa. Kwao bomu lilikuwa sababu ya wao kurudi nyumbani, kuoa na kuzaa. Mjukuu wa mmoja wao huenda yumo ndani ya lile basi la shule, na hakuna mwalimu mwenye haki ya kumwambia kwamba babu yake alikuwa mwovu kwa kushukuru. Tena majeshi ya Japani yalikuwa yameua mamilioni ya watu barani Asia. Ushahidi kamili unayataja na hayo.

Hata hivyo shukrani ya aliyepona haimalizi swali la aliyeuawa. Mwaka 1956, Chuo Kikuu cha Oxford kilipotaka kumtunuku Harry Truman, aliyekuwa rais wa Marekani bomu lilipodondoshwa, shahada ya heshima, mwanafalsafa Mkatoliki Elizabeth Anscombe alisimama kupinga. Alishikilia kwamba kumuua kwa makusudi asiye na hatia ili kufikia lengo ni mauaji, lengo liwe jema namna gani. Alishindwa, shahada ikatolewa. Mwislamu atakumbuka kwamba Mtume alikataza kuua wanawake na watoto vitani, na katazo hilo halikungoja kwanza ijulikane vita vitakwisha lini. Makadirio ya Hiroshima yenyewe ni kwamba watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa kufikia mwisho wa mwaka 1945. Hakuna hesabu inayowageuza watoto wa shule kuwa askari.

Walikuwapo na watu wa dini pale Tinian. Mchungaji wa Kilutheri William Downey aliwaombea wanajeshi wa ndege hiyo kabla ya safari. Padri George Zabelka, aliyewahudumia askari Wakatoliki kisiwani humo, alikuja kukiri baadaye hadharani kwamba kunyamaza kwake kuhusu kuua raia kulikuwa dhambi, na miaka yake ya mwisho akaitumia kuhubiri amani. Shahidi mmoja alifungua kinywa mwenyewe.

Ushahidi mwingine uko mbali zaidi, na msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuudai. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa bomu ilitoka Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo iliyotawaliwa na Ubelgiji. Mwaka 1940 Edgar Sengier wa kampuni ya Union Minière alisafirisha zaidi ya tani elfu moja za mawe yenye urani hiyo hadi New York. Wachimbaji walikuwa Waafrika, na lugha ya kazi katika migodi ya Katanga ilikuwa Kiswahili. Mtoto wa familia iliyotoka Lubumbashi ikahamia Marekani anaweza kusimama chini ya pua ya ndege ile akiwa na darasa lake, asijue kwamba babu za babu zake huenda walibeba mzigo ule migongoni kabla haujabebwa na mabawa. Hilo nalo linahitaji mstari mmoja tu wa maandishi.

Huko Hiroshima, ziara za shule ni jambo la kila siku. Watoto wenye sare huingia katika Makumbusho ya Amani, wakasimama mbele ya saa zilizosimama saa 2:15 na nguo zilizoungua za watoto wa umri wao. Wanatazama kwa ukimya, kisha wanatoka kwenda bustanini. Wao wana kibweta na hawana ndege. Wenzao wa Virginia wana ndege na hawana kibweta. Kila upande umepewa nusu ya shauri.

Mwalimu wa Chantilly hana uwezo wa kubadilisha kibao. Karatasi ya maswali ni yake. Baada ya swali la upana wa mabawa na la idadi ya injini, anaweza kuongeza: asubuhi ile, waliokuwa chini walikuwa akina nani? Wenye miaka 12 watakunja uso, mmoja atauliza kama jibu liko ukutani, na mwalimu atawaambia kwamba haliko, kisha atawasimulia habari ya wali na njegere, pale pale juu kwenye njia, sauti yake ikiwa chini ili watoto wasogee. Watabaki kimya kidogo. Halafu watateremka, watahesabiwa tena, na kurudi kwenye basi walikoacha vyakula vyao vya mchana.