Mzee na Makao Yake

Yako maswali ambayo jamii huyajibu kabla hayajaulizwa, na jibu likisha kuwa mazoea, kuuliza huonekana utovu wa adabu. Swali la mahali pa kuishi mzazi mkongwe ni moja katika hayo. Jibu la pwani na la bara halitofautiani: mzazi hukaa kwa mwanawe. Atajaye makao ya wazee huonekana ametaja kutupa. Walakini katika Dar es Salaam ya leo swali hilo huulizwa kwa sauti ya chini, nyuma ya milango iliyofungwa, na watu ambao si waovu wala si wachoyo. Kwa kuwa huulizwa kwa aibu, hujibiwa kwa haraka. Na jambo lililojibiwa kwa aibu na kwa haraka aghalabu halijibiwi kwa haki.

Na afikiriwe mfanyabiashara wa vitambaa mwenye duka katika Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Mama yake amepita miaka 80. Baba aliacha nyumba ya vyumba sita katika Mtaa wa Narung'ombe, yenye baraza mbele na ua nyuma. Warithi walipatana na mjenzi: yeye atoe fedha, wao watoe kiwanja. Nyumba ikavunjwa, jengo la ghorofa likasimama, na kila upande ukapata fungu lake. Mama alipewa chumba kizuri katika ghorofa ya nne, kwa mwanawe. Chumba kina feni, choo cha ndani na dirisha. Lifti siku nyingine hufanya kazi na siku nyingine haifanyi, na magoti ya mama hayawezi ngazi. Mwana hushuka dukani asubuhi na mapema, mkewe huenda kazini, watoto huenda shule. Mama hubaki na msichana wa kazi na televisheni. Anaishi juu ya kiwanja chake mwenyewe, hakuhama hata hatua moja, ila ameinuliwa akatolewa katika ulimwengu wake. Siku alipoanguka chooni mwana alianza kuulizia makao ya wazee, na ndugu zake wakamwambia kuwa anataka kumtupa mama yao. Katika mashauri yote yaliyofuata mama hakuitwa.

Ili kupima neno la ndugu hao, yafaa kwanza kujua ni kitu gani kilichovunjwa pamoja na nyumba ile. Kariakoo, ambayo jina lake latokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, ilipimwa kwa mitaa iliyonyooka na viwanja vinavyolingana. Juu ya viwanja hivyo ilisimama nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba kila upande, ua nyuma wenye jiko na choo, na baraza mbele kuelekea mtaani. Hakuna aliyeiita makao ya wazee, lakini ilikuwa hivyo. Haikuwa na ngazi. Mzee alitoka chumbani akafika barazani kwa hatua chache, na hapo ulimwengu ulimjia wenyewe: muuza kahawa, jirani, mtoto aliyetumwa dukani, mpita njia aliyesimama kutoa shikamoo. Mpangaji alimletea kodi mkononi. Uani bibi alichambua mchele, alisuka ukili, alichunga wajukuu na kuamua ugomvi wa maji na wa zamu ya jiko. Akiugua alionekana upesi, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyekwenda uani bila kupita mbele ya mlango wake. Kazi ya kumtunza iligawanyika katika mikono mingi hata hapakuwa na mkono mmoja uliolemewa.

Picha hii isipambwe kupita kiasi. Nyumba hiyo ilikuwa na joto, mbu, choo cha wote na siri ya hakuna. Mjane aliweza kutolewa na warithi wa mumewe kabla eda haijakwisha, na mzee asiye na mtoto wala nyumba aliweza kufa barazani kwa watu. Hata hivyo uzee ulikuwa na mahali pake katika mpango wa nyumba, kama vile jiko lilivyokuwa na mahali pake. Mwaka 1957 mji wote ulikuwa na watu 128,742. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Soko la Kariakoo limevuta wanunuzi kutoka nchi za jirani, vyumba vimekuwa maduka na stoo, na watoto wa wenyeji wengi wamehamia Mbagala, Tabata na Kimara. Ardhi ya Kariakoo imekuwa ghali mno kukaliwa na mtu asiyeuza kitu. Kwa hiyo wasemao kuwa vijana wa sasa wamepungukiwa na heshima wamechagua jibu rahisi. Huenda mapenzi ya mwana kwa mamaye ni yale yale ya zamani. Lakini mapenzi yaliyokuwa yakisaidiwa na baraza, ua na majirani kumi, leo yaachwa yafanye kazi peke yake.

Mambo haya hayakuanzia Kariakoo. Mtaalamu wa Kiingereza Peter Townsend alichunguza maisha ya wazee wa Bethnal Green, mtaa wa mafundi na wachukuzi mashariki mwa London, na kitabu chake kilitoka mwaka 1957. Aliona kwamba, kinyume cha dhana ya wengi, wazee wa mtaa ule hawakuwa wametupwa. Wengi waliishi karibu na jamaa zao, wakipika pamoja na kulea wajukuu. Kisha alizuru nyumba 173 za kutunzia wazee katika Uingereza na Wales, akatoa kitabu kingine mwaka 1962. Katika nyumba hizo wengi walishiba na kulala pakavu. Walichokosa kilikuwa kingine: kazi ya mikono, faragha, rafiki wa kweli, na uwezo wa kujiamulia hata jambo dogo. Townsend alishauri nyumba za namna hiyo ziachwe pole pole, na wazee wasaidiwe majumbani mwao. Ushahidi wake unafaa kuwekwa mbele ya kila asemaye kuwa wenzetu wa Ulaya wametatua jambo hili kwa kujenga.

Tanzania nayo ina makao, walakini yalikusudiwa watu wengine. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, iliyomhesabu mtu kuwa mzee tangu miaka 60, iliiweka familia mbele katika malezi na kuyafanya makao kuwa njia ya mwisho. Makazi ya Nunge huko Kigamboni, ng'ambo ya kivuko, na makao ya Sebleni na Welezo katika kisiwa cha Unguja, ni kimbilio la wasio na mtu. Yule mama wa Narung'ombe ana watoto. Kwa hesabu ya serikali si mhitaji. Nyumba za kulipia, ambazo mwana mwenye uwezo angeweza kuzichagua, bado hazijawa desturi ya nchi. Basi mbele ya mwana zipo njia nne: kumwacha mama ghorofani na mtumishi, kumzungusha kwa zamu baina ya watoto, kumpeleka kijijini walikotoka babu zake, au kumtafutia nyumba ya malezi. Tatu za kwanza huitwa heshima na ya nne huitwa aibu. Je, majina hayo ni ya haki?

Methali ya Waswahili yasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huisema kwa kumkejeli mgeni mvivu, na huisahau maana yake ya pili, iliyo njema zaidi. Mtu apewaye jembe amekoma kuwa mgeni. Amehesabiwa katika nyumba. Shamba likilimwa ni lake pia, na chakula kikiiva hakuna amtazamaye kijiko. Mzee anyimwaye kila kazi kwa jina la heshima amebaki mgeni wa siku ya kwanza kila siku, na hakuna uchovu upitao ule wa kuwa mgeni bila mwisho. Mama wa ghorofani huambiwa, "Pumzika, mama, usijisumbue." Maneno hayo ni ya upendo, lakini yakisemwa asubuhi na jioni kwa miaka mitatu, humfundisha kuwa hahitajiki. Kwa kipimo hiki anayezungushwa kwa zamu, mwezi huu Tabata na mwezi ujao Mbagala, na mfuko wake wa nguo haufunguliwi hata chini, ni mgeni mara tatu. Na apelekwaye kijiji ambacho hakukikulia amepewa shamba bila mtu wa kulima naye. Hata fedha yaweza kuwa jembe. Pensheni Jamii ya Zanzibar, iliyoanza mwezi wa Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kila mwezi kwa waliotimiza miaka 70, ilikuwa fedha ndogo. Lakini iliingia katika mkono wa mzee mwenyewe, naye akaweza tena kumpa mjukuu kitu asichokuwa amepewa na baba wa mjukuu huyo.

Hapa lazima pazuiwe kosa. Wako wazee ambao mkono wao hauwezi jembe lolote: aliyepooza, aliyepoteza kumbukumbu, asiyemtambua mwana aliyemzaa. Ikiwa thamani ya mtu hupimwa kwa kazi, hao watapimwa na kuonekana bure, na falsafa itakuwa imemsaidia mwenye moyo mgumu. Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambalo lilichukia sana kula jasho la mwingine, liliwatoa katika lawama hiyo watoto wadogo, wazee wasiojiweza na vilema, likasema kuwa kuwategemea wenzao ni haki yao. Neno lililotumika ni haki, wala si hisani. Basi mzee huyu adai nini, ikiwa jembe halimfai? Adai kujulikana: pawe na mtu ajuaye kuwa huitikia jina la utotoni, kuwa hapendi maji ya moto, kuwa akigeuza uso ukutani ana maumivu ambayo hatayasema. Na adai ustadi. Mwili ulalao bila kugeuzwa huota vidonda, na koo lililolegea hupaliwa na uji. Mwana mwenye mapenzi mengi na asiyejua mambo hayo aweza kumwumiza mama anayempenda, hali mlezi aliyefunzwa, asiye wa damu, akamwokoa. Katika hali hiyo nyumba ya malezi iliyo njema yaweza kuwa tendo la upendo, na kung'ang'ania ghorofa ya nne kukawa kujilinda na maneno ya watu.

Kwa hiyo mwana aendapo kuitazama nyumba ya malezi, asiridhike na sakafu iliyopigwa deki na ua wa maua. Aende bila kuagana, saa ya magharibi, wakati walezi wamechoka na chakula kinagawiwa. Atazame kama wakaao humo huitwa kwa majina yao au kwa namba za vitanda. Aulize ni nani aamuaye saa ya kulala. Kama bibi aweza kuwa na kisanduku chake na ufunguo wake. Kama aweza kuchambua mchele akitaka, na kuacha akichoka. Usiku akiita, ni nani aitikaye. Akifa, ni nani atakayemwosha, na kwa dini gani. Ahesabu pia nauli na saa za njiani, maana nyumba iliyo mbali huzuriwa kwa bidii mwezi wa kwanza na kwa udhuru mwezi wa sita. Kisha arudi Kariakoo, apande ngazi nne, asimame mlangoni pa mama yake na kuuliza maswali yale yale, neno kwa neno, juu ya nyumba yake mwenyewe. Wengi huenda kuzipeleleza nyumba za wageni. Ni wachache waliopeleleza ya kwao.

Baada ya hayo limebaki swali moja ambalo ndugu wote walilikwepa, nalo ni la kumwuliza mama. Kumwuliza kuna hatari yake. Huenda akasema kuwa ataka kwenda, na mwana akaona haya kwa kuachwa. Huenda akasema kuwa hataki, na akili zote za watoto zikawa zimepotea bure. Na huenda akajibu jambo ambalo halikuwamo katika zile njia nne. Chini ya jengo lile, mahali palipokuwa na baraza lake, pana fremu tano za maduka, na kodi ya fremu moja Kariakoo hushinda mshahara wa watu wengi. Mama aweza kusema kwa upole kuwa haombi kupelekwa popote. Aomba moja katika hizo, yenye mlango wa kuelekea mtaani, kitanda nyuma ya pazia na kiti mbele. Wakati huo ndipo watoto wake watakapojua, kwa hesabu ya shilingi, kiasi cha heshima waliyokuwa wakiitetea.