Mafahali Wawili, Barabara Moja

Ijumaa moja ya mwezi wa Aprili, mvua ikiwa imepiga Kitengela usiku kucha, nilimpungia mkono mtu niliyejua anaelekea pabaya. Naye akanipungia. Tulipishana pale njia ya udongo inapoachana na lami ya Namanga Road, mimi nikitoka, yeye akiingia, kila mtu na nduthi yake na mzigo wake. Sikusema kitu. Nimejaribu kuandika hiyo sentensi kwa namna nyingine, lakini hailainiki.

Wakati huo tulikuwa tunapeleka mizigo kwa biashara moja ndogo, kutoka Kitengela hadi Isinya, siku nyingine mpaka Kajiado mjini. Tulikuwa waendeshaji sita, na kila mwisho wa mwezi aliyefikisha mizigo mingi kwa wakati alipewa bonasi ya shilingi 5,000. Mmoja tu. Miezi mingi ilikuwa mimi au yeye. Wale wengine wanne walishakata tamaa, wakatuachia vita vyetu.

Usidhani tulichukiana. Yeye ndiye aliyenifundisha kufunga mabati marefu yasiyumbe upepo wa malori ukipita. Mimi ndiye niliyemwonyesha mikato ya nyuma ya Kisaju. Tulikula chapati madondo kibanda kimoja, na siku asipokuwa na pesa nililipa, na siku nisipokuwa nazo akalipa. Lakini kila jioni nilikuwa naangalia hesabu yake kabla ya kuangalia yangu.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimeingia mkato nikakuta kalvati imebebwa nusu na maji. Mtu wa Kitengela anaujua udongo wetu mweusi: ukikauka unapasuka, ukilowa unashika tairi kama gundi. Niligeuza kwa shida, nikarudi nilikotoka. Ndipo nikakutana naye. Aliponiona natoka kule, alidhani nimeshapeleka mzigo na ninarudi. Kutoka kwangu tu kulimwambia kwamba njia inapitika. Niliacha uongo huo usimame, kwa sababu nilikuwa nimepoteza dakika 20 na nilitaka naye azipoteze.

Naapa nilitaka dakika tu. Alivunjika mtulinga, akakaa wiki sita bila kupanda nduthi. Mwezi huo bonasi ilikuwa yangu. Nilitoa kidogo nikamnunulia matunda.

*

Siku zile nilikuwa mtu wa kutazama mbio za pikipiki kwenye simu, MotoGP za miaka ya nyuma, nikila bando usiku. Baada ya ajali niliendelea kutazama, lakini jicho lilikuwa limebadilika. Sikuangalia tena anayeshinda. Niliangalia watu wawili wa timu moja.

Kuna mbio za Estoril, Ureno, Oktoba 2006. Nicky Hayden, Mmarekani wa timu ya Repsol Honda, anaongoza ubingwa wa dunia kwa pointi 12 mbele ya Valentino Rossi, na zimebaki mbio mbili tu. Mapema kabisa, mwenzake wa timu, kijana Dani Pedrosa, anajaribu kumpita ndani ya kona. Tairi linateleza, Pedrosa anaanguka na kumzoa Hayden. Wote wawili wako kwenye changarawe. Hayden amejaa hasira, anapiga kelele ndani ya helmeti. Siku hiyo Rossi alimaliza wa pili, akapewa uongozi wa pointi 8 na watu wa rangi moja walioangushana wenyewe.

Wiki mbili baadaye, Valencia. Pedrosa anamwachia Hayden apite. Rossi anaanguka, anainuka, anamaliza wa 13. Hayden anamaliza wa tatu na kuwa bingwa kwa pointi 252 dhidi ya 247. Na kuna jambo dogo ambalo huwa linanikosesha usingizi. Kule Estoril, Rossi alishindwa na Toni Elías kwa sekunde 0.002. Angeshinda, angepata pointi 5 zaidi, wangelingana, na Rossi angechukua ubingwa kwa kuwa na ushindi mwingi zaidi msimu huo. Kosa la mwenzake lilikaribia kumgharimu Hayden maisha yake yote ya michezo, na kilichomwokoa ni muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Watu wengi hudhani nitajifananisha na Pedrosa. Hapana, Pedrosa ni afadhali. Yeye alikuwa anashindana. Kwa hesabu, yeye pia alikuwa bado na nafasi finyu ya ubingwa, na alikosea akiwa mbele ya macho ya dunia, akaanguka na yule aliyemwangusha. Hatari aliyomletea mwenzake aliibeba na yeye. Mimi sikuhatarisha chochote. Nilikuwa nimesimama pakavu.

*

Kwenye mbio wana msemo kwamba mtu wa kwanza kumshinda ni mwenzako wa timu, kwa sababu ndiye mwenye mashine kama yako. Ukishindwa na mtu wa kiwanda kingine, utasema injini yake ina nguvu. Ukishindwa na mwenzako, huna pa kujificha. Sisi Kenya tuna mfano wetu. Safari Rally ya 1973, Shekhar Mehta na Harry Källström, wote wa Datsun, walimaliza wakiwa na adhabu sawasawa baada ya maelfu ya kilomita za matope na vumbi. Ikabidi kanuni iamue: nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza? Mehta akashinda. Ninapenda hadithi hiyo kwa sababu inaonyesha ushindani wa ndani ya timu ukiwa safi. Kila mmoja alimpima mwenzake, na kipimo kikawa cha kweli.

Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaosema tuache kushindana, eti tuwe kitu kimoja. Bila yule jamaa, mimi ningekuwa mwendeshaji wa kawaida tu. Nilijifunza kuamka saa kumi na moja kwa sababu yeye aliamka saa kumi na moja. Aristotle, kwenye kitabu chake kuhusu ufasaha wa kusema, anatenganisha maumivu mawili. Moja ni kuumia kwa sababu kitu kizuri alichonacho mwenzako wewe huna, na hilo linakusukuma ukitafute. La pili ni kuumia kwa sababu tu yeye anacho. Kiswahili kinajua tofauti hiyo. Tuna wivu, na tuna kijicho. Wivu unataka kufika. Kijicho kinataka mwingine asifike, hata kama wewe mwenyewe hufiki.

Shida ni kwamba kwa ndani vinafanana. Asubuhi ile singeweza kukuambia ni kipi kilikuwa kinanishika koo. Nimepata kipimo kimoja tu kinachonisaidia, na nakupa bure: jiulize kama ungefurahia ushindi huo mwenzako akiwa amefika salama na kwa nguvu zake zote. Kama jibu ni ndiyo, shindana, piga gesi. Kama jibu ni hapana, si ushindi unaoutaka.

*

Lakini mtu ataniuliza: basi nilipaswa kumwambia kila kitu? Hapa ndipo ukuta wa Rossi unapoingia. Mwaka 2008 Jorge Lorenzo aliingia timu ya Yamaha, na ukuta ukasimamishwa katikati ya gereji yao. Sababu iliyokuwepo ni matairi: Rossi alitumia Bridgestone, Lorenzo Michelin, na siri za kampuni moja zisingefaa kuonwa na nyingine. Mwaka 2009 wote wakawa kwenye Bridgestone. Ukuta ukabaki. Rossi aliona kwamba amehangaika kuitengeneza pikipiki hiyo iwe ya ushindi, na sasa mgeni anapewa kazi yake yote kwenye kompyuta. Alichukua ubingwa 2008 na 2009, Lorenzo akauchukua 2010, na Rossi akaondoka kwenda Ducati.

Zamani nilimwona Rossi kama mchoyo. Sasa nadhani alikuwa na hoja. Kuna vitu ambavyo ni vyako kwa jasho: unavyokata kona, unavyosoma mteja anayechelewa kupokea simu, saa unayoamka. Hivyo si deni kwa mtu. Mwenzako akitaka, aamke pia. Ukuta ule ulificha maarifa. Haukuficha mafuta yaliyomwagika kwenye kona.

Tofauti yangu na Rossi ni hiyo. Ujuzi wangu ni wangu, lakini hali ya barabara si yangu. Kalvati halikubebwa na maji kwa sababu mimi ni hodari. Nilitangulia kuliona kwa bahati tu, na bahati hiyo nikaifanya silaha. Hata washindani wa timu tofauti wanaonyeshwa bendera ya njano kabla ya hatari. Inapepea kwa wote, anayeongoza na wa mwisho. Hakuna anayesema bendera imeharibu ushindani.

Wazee wa huku Kajiado walikuwa na swali kama hili kabla ya injini kufika. Morani walipokwenda kumwinda simba kwa kundi, heshima kubwa ilikuwa ya mmoja, yule aliyetangulia kumchoma mkuki, na manyoya ya shingo yakawa yake. Kila mmoja alitaka kuwa huyo mmoja. Lakini simba hachagui; anamrukia yeyote. Ukiiacha nafasi yako kwenye duara ili mwenzako apate aibu, umemwua. Siku hizi uwindaji huo umepigwa marufuku, na tangu 2012 vijana wa manyatta hukutana Kimana, karibu na Amboseli, kwa michezo yao ya Olimpiki ya Kimaasai: kukimbia, kurusha mkuki na rungu, kuruka. Simba ametolewa uwanjani, sifa zimebaki. Mwenzako bado unamshinda, ila kushindwa kwake hakumtoi roho.

*

Kuna utetezi mmoja uliobaki, na ndio ninaoupenda zaidi kwa sababu unanisafisha. Kwamba kosa ni la bonasi. Ukiwapa watu sita kazi moja na zawadi moja, umewafunga kuku kwenye kikapu na kurusha punje moja. Husema mafahali wawili hawakai zizi moja, lakini methali haimtaji aliyejenga zizi. Hilo ni kweli, na kijana yeyote wa Nairobi anayefanya kazi ya kuhesabiwa oda, simu au mauzo anaijua kweli hiyo mwilini. Lakini wale wenzetu wanne walikuwa zizi hilohilo. Zizi linaeleza kwa nini nilishawishika. Mkono uliopunga ulikuwa wangu.

Nilimwambia mwezi wa Agosti. Tulikuwa kibandani, bega lake limeshapona. Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Nikaishia kusema, "Brathe, ile siku ya kalvati, mimi nilikuwa nimeliona."

Aliendelea kula. Kisha akasema, "Nilijua. Ulikuwa na matope mpaka kwa tangi, na mzigo bado umefungwa. Mtu anarudi vipi na mzigo?"

"Uliliona hilo tukipishana?"

"Niliona. Nilielewa nikiwa chini."

Nikamwuliza kwa nini hakusema miezi yote hiyo. Alisema alikuwa anangoja kuona kama nitasema. Halafu akaongeza kitu ambacho sikukitarajia: kwamba hajui kama yeye angenisimamisha. Alikuwa nyuma yangu kwa mizigo mitatu. Labda angesimama, labda angepunga.

Nilitamani kulishika jibu hilo kama msamaha. Si msamaha. Kwamba naye angeweza kukosea hakupunguzi nilichokosea. Kunaongeza tu idadi ya watu wa kuogopa, na wa kwanza ni yule ninayemwona kwenye kioo cha nduthi. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme. Alilipa chapati zake, nikalipa zangu. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kila mtu kulipa zake.

Siku hizi siko kwenye ile kazi. Niko kwenye steji, na yeye yuko steji ya pili, ng'ambo ya barabara, na tunagombania wateja walewale wanaoshuka matatu. Ananishinda siku nyingi. Lakini usiku mvua ikinyesha, asubuhi yake simu yangu hulia kabla ya saa kumi na mbili. Hasalimii. Anasema tu, "Nyuma ya Kisaju usiende," anakata. Nami nikitangulia, humpigia. Hatujawahi kukubaliana kufanya hivyo. Kisha kila mtu anawasha nduthi yake, tunaanza kunyang'anyana abiria.