Uaminifu na Kipimo

Uaminifu ni nguzo ya ndoa. Nyumba isiyo na uaminifu haikaliki, ijapokuwa imeezekwa vema na kupambwa kwa vyombo vya thamani. Kwa sababu hiyo watu wengi hushtuka wasikiapo kuwa mume na mke, au wachumba wawili, wameshauriwa waende pamoja kupimwa damu ili wajue kama wana virusi vya UKIMWI. "Ya nini kupima," huuliza, "ikiwa kweli tunaaminiana?" Swali hili si la kipuuzi. Lastahili kujibiwa kwa hoja, wala si kwa kicheko. Na ili tulijibu sawasawa yatupasa kujua uaminifu ni kitu gani, na kipimo chaweza kutuambia nini.

Ugonjwa huu ulitambuliwa hapa Kenya kwa mara ya kwanza katika mwaka wa 1984. Kwa miaka mingi ulitajwa kwa minong'ono. Mwaka wa 1999 Serikali iliutangaza kuwa janga la taifa, na tangu 2001 vituo vya ushauri nasaha na upimaji wa hiari vilianza kufunguliwa nchini. Siku zile dawa zilikuwa chache na ghali, na aliyeambiwa kuwa ana virusi alijiona amesomewa hukumu ya kifo. Si ajabu basi kwamba watu walikikimbia kipimo. Leo mambo ni mengine: dawa zipo, na anayezitumia kila siku kama aagizwavyo aweza kufanya kazi, kuoa au kuolewa, kulea watoto na kuuona uzee. Lakini hofu aghalabu hubaki baada ya sababu yake kupungua, kama moshi unavyobaki darini baada ya moto kuzimwa.

Sasa na tulitazame lile swali. Virusi vyaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kuonyesha dalili yoyote. Mtu aweza kuwa na mwili wenye afya, uso wenye nuru na moyo safi, naye anavyo bila kujua. Pengine viliingia kabla hajakutana na mwenzi wake. Pengine alizaliwa navyo. Huenda wewe usomaye maneno haya, au mwenzako wa dawati moja, ni mmoja wa waliozaliwa navyo. Ikiwa ndivyo, hukutenda kosa, wala huna deni la aibu kwa mtu yeyote. Uaminifu ni jambo la nia, na virusi ni jambo la mwili. Mkweli kuliko watu wote hawezi kumwambia mwenzake habari asiyoijua mwenyewe. Kwa hiyo anayesema, "Twende tukapime," haulizi, "Je, umenidanganya?" Auliza, "Je, miili yetu ina jambo gani ambalo sisi wawili hatulijui?" Maswali haya mawili hayafanani hata kidogo.

Kuna kosa jingine lililoenea sana. Mume husikia kuwa mkewe amepimwa akaonekana hana virusi, naye akatulia akisema, "Basi hata mimi sina." Ni kana kwamba mtu mmoja aweza kula na mwingine akashiba! Ukweli ni kwamba yapo majumba mengi ambamo mmoja ana virusi na mwenzake hana, hata baada ya miaka ya kuishi pamoja na kupata watoto. Jambo hili si muujiza, wala si uthibitisho wa zinaa, wala si kosa la mashine. Virusi havipiti kutoka mwili hadi mwili kila mara watu wanapokutana. Lakini salama ya jana si ahadi ya kesho. Asiyekuwa navyo leo aweza kuvipata, akikosa kinga.

Tufikiri sasa juu ya jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha habari hii. Mwanamke mja mzito aendapo kliniki hushauriwa apimwe, ili kama ana virusi apewe dawa za kumlinda mtoto. Ushauri huo ni mwema. Walakini, mara nyingi huwa ameenda peke yake. Majibu huyapokea peke yake, na njia ya kurudi nyumbani huitembea peke yake, akitafuta maneno ya kumwambia mumewe. Akisema, aweza kujibiwa, "Wewe ndiwe uliyeleta ugonjwa nyumbani kwangu." Wako wanawake waliopigwa, na wako waliofukuzwa na watoto wao, kwa sababu hiyo. Tazama dhuluma ilivyo: aliyejua kwanza amehukumiwa kuwa ndiye aliyeugua kwanza! Na akinyamaza, atameza dawa kwa siri, na siri hiyo itakuwa ukuta katikati ya kitanda chao.

Wakienda wawili, mambo hubadilika. Mshauri huzungumza nao, na kila mmoja huulizwa kama amekubali kwa hiari yake, na kama yu radhi majibu yasomwe mbele ya mwenzake. Tone la damu hutolewa kidoleni, na majibu hupatikana siku ile ile. Hapana wa kwanza kujua wala wa mwisho. Hapana mleta habari wala mletewa. Mshauri hatafuti nani alianza, maana kipimo chenyewe hakiwezi kumjua. Habari iliyobebwa na mmoja yaweza kugeuzwa mashtaka. Ikibebwa na wawili huwa mzigo wa nyumba, na mzigo wa nyumba hutafutiwa namna ya kuubeba.

Watu wengine, wakiisha kukubali hayo, hutaka kwenda mbali zaidi. Wako viongozi wa dini na wazazi waliodai cheti cha kipimo kabla ya arusi. Nia yao yaweza kuwa njema, lakini njia yao si njema. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2006 inakataza mtu kulazimishwa kupimwa ili aruhusiwe kufunga ndoa, na nadhani sheria hiyo ina hekima. Ukweli uliokamuliwa kwa nguvu si zawadi ya upendo. Tena cheti husema habari za siku moja tu, na aliyeambukizwa majuzi huenda kipimo kisimwonyeshe bado. Lakini ndoa ni safari ya miaka mingi. Na yule amwogopaye mwenzi wake kwa sababu ya ngumi zake asisukumwe kusema mbele yake. Usalama wake hutangulia.

Imebaki kujiuliza: wakiisha kujua, wafanye nini? Hapa ndipo uaminifu hupimwa kweli kweli. Utafiti uliofanywa katika nchi 9, Kenya ikiwamo, kwa jozi 1,763 za wenzi ambao mmoja wao alikuwa na virusi, ulionyesha mwaka wa 2011 kuwa kumpa dawa mapema yule mwenye virusi kulipunguza maambukizi kwa mwenzi wake kwa asilimia 96. Baadaye ilithibitishwa kwamba virusi vikipungua kwa dawa hata visionekane katika kipimo, havimfikii mwenzi kwa njia ya kujamiiana. Tangu 2016, Kenya imeweka kanuni kuwa kila aliyepatikana na virusi aanzishiwe dawa bila kungoja augue. Na kwa asiyekuwa navyo zipo dawa za kumkinga. Basi mume amkumbushaye mkewe saa ya kumeza dawa, au mke afanyaye hivyo kwa mumewe, anailinda nyumba nzima. Lakini haiwezekani kumkumbusha mtu dawa usiyojua kuwa anaitumia.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Msomaji kijana, siku zako za kuchagua mwenzi ziko mbele. Siku hiyo ikifika, usiulize tu kama mchumba wako ni mzuri na mpole. Uulize moyo wako: je, twaweza kuketi bega kwa bega, tukasikia neno gumu, kisha tukaondoka pamoja? Kama jibu ni ndiyo, msikiogope kipimo. Kama jibu ni la, kukosa kipimo hakutaifanya ndoa hiyo kuwa imara. Imani inayotegemea giza ni hofu iliyovaa nguo za imani. Imani ya kweli huweza kuketi penye mwanga.