Kwenye friji kuna nini, au yuko nani?



Kuna swali linaulizwa sana: kugandisha seli za binadamu si kuingilia kazi ya Mungu? Twende taratibu.

Mgebuka aliyegandishwa akiyeyuka, nyama inalegea na kutoa maji, kwa sababu barafu imepasua seli zake. Mwaka 1949 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba gliseroli huzikinga seli zisipasuke hivyo. Leo seli hutunzwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na baada ya miaka bado ziko hai. Mwaka 1988, Paris, mtoto mgonjwa alipewa damu ya kitovu cha mdogo wake, iliyokuwa imegandishwa. Akapona!

Sasa, Kanisa linasemaje? Hati Dignitas Personae ya 2008 inakubali seli zitolewe kwa mtu mzima aliyeridhia, au kwenye damu ya kitovu mtoto akishazaliwa. Hakuna anayeumizwa. Ila kiinitete ni habari nyingine. Huyo ni wa kuheshimiwa kama mtu tangu kutungwa mimba, na kumgandisha ni kumweka stoo kama mali. Hati inakiri kwamba kwa maelfu ambao tayari wamegandishwa, hali yao ni dhuluma isiyo na suluhisho. Inauma, lakini ndiyo kweli.

Kwa hiyo usiulize tu, "Ni friji?" Uliza: ndani kuna nini, au yuko nani?

Msiogope sayansi. Hapa Karema, Adrien Atiman, aliyewahi kuwa mtumwa, alikuwa katekista na tabibu kwa zaidi ya miaka 60, hadi alipofariki 1956. Mkono uleule ulifundisha sala na kufunga vidonda. Na leo Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inapandikiza uboho kwa watoto wenye selimundu. Mara nyingi anayetoa ni ndugu wa tumbo moja. Huo nao ni upendo wa Msamaria.

Wiki hii fanya mawili: nenda kachangie damu, na kama una mchumba, mkapime selimundu pamoja kabla ya ndoa.

Ee Bwana, uliyetujua tungali tumboni, utupe akili ya kuponya na moyo wa kuheshimu. Amina.