Dawa Alizoziacha

Mwaka 2017 India ilipobana uingizaji wa mbaazi, bei iliporomoka na wakulima wa Karatu wakabaki na magunia ndani. Kisa hiki cha mzee mmoja wa Endabash, mwenye sukari na presha, kinaanzia hapo.

Pesa ya dawa zote haikutosha. Alikuwa akimeza metformini kwa ajili ya sukari, losartani na amlodipini kwa ajili ya presha. Sukari aliijua: ikipanda, koo humkauka, usiku kucha anaenda kukojoa, nyayo zinawaka moto. Presha haikuwahi kumsumbua. Akanunua metformini peke yake.

“Baba, na zile za presha?” binti yake alimuuliza.

“Mwanangu, mbona kichwa hakiniumi?”

Miezi ikapita. Palizi ikamletea maumivu ya mgongo, naye akazoea kununua diklofenaki kwenye duka la dawa. Hakujua kwamba dawa hiyo hupandisha presha na kuumiza figo, hasa za mtu mwenye kisukari. Nyumbani makande yalilainishwa kwa magadi, ambayo yana sodiamu kama ilivyo chumvi. Kila alipopima sukari, majibu yalikuwa mazuri. Hayo majibu mazuri ndiyo yaliyomhadaa.

Asubuhi moja mkono wa kulia ulishindwa kushika jembe na mdomo ukaenda upande. Alipofikishwa hospitali mjini Karatu, presha ilisoma 210 kwa 120, na mkojo ulikuwa na protini nyingi. Kiharusi kilimpata siku ile. Figo zilikuwa zimeanza kuharibika zamani, kimyakimya.

Sukari huchakaza mishipa ya damu, hasa ile midogo ya macho na figo. Presha ikija juu yake, ni kama kuwasha pampu ya kumwagilia vitunguu kule Mang'ola wakati mpira umeshaliwa na jua. Ndiyo maana mwenye kisukari hawezi kuistahimili presha ambayo mwenzake angeishi nayo miaka. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 1998 ulifuatilia watu 1,148 wenye kisukari na presha. Waliodhibitiwa zaidi walifikia wastani wa 144 kwa 82, wenzao 154 kwa 87. Kwa tofauti hiyo ndogo tu, kiharusi kilipungua kwa asilimia 44, na vifo vinavyotokana na kisukari kwa asilimia 32. Siku hizi wengi wenye kisukari na presha hushauriwa kushuka chini ya 130 kwa 80.

Ndugu msomaji mwenye sukari, kila uendapo kliniki omba upimwe presha, na mkojo wako uangaliwe protini angalau mara moja kwa mwaka. Pesa ikipungua, usichague mwenyewe dawa ya kuacha. Mweleze daktari ulichonacho mfukoni, akupangie dawa unazozimudu.